Mkono Usiovuka Wavu

Jumapili moja mwaka jana nilipanga foleni ya wageni nje ya gereza moja la ukanda wetu wa dhahabu. Sitalitaja gereza lenyewe, kwa kuwa niliyoyaona pale si ya gereza lile peke yake, na askari waliokuwa zamu hawakuvunja kanuni yoyote. Nilikwenda kumjulia hali kijana niliyewahi kumfundisha. Mbele yangu alisimama mama wa makamo aliyetoka upande wa Nyarugusu, pamoja na mkwewe na mjukuu wa kiume wa miaka kama minne. Walibeba kikapu chenye sabuni za mche, dawa ya meno, kandambili na mafuta ya kujipaka. Kikapu kilipekuliwa, mama akapekuliwa, mkwe akapekuliwa, hata mifuko ya kaptura ya mtoto ikageuzwa nje.

Zamu yao ilipofika waliingia katika chumba chenye ukuta mfupi wa saruji, na juu yake wavu wa chuma uliopanda hadi darini. Baada ya wavu ule ilikuwapo nafasi ya hatua moja, kisha wavu wa pili. Kijana wao akaletwa nyuma ya wavu wa pili. Watu wazima wakaanza kuongea kwa sauti kubwa, kwa sababu familia tatu nyingine zilikuwa zikiongea papo hapo. Mtoto hakusema neno. Alipitisha vidole viwili katika tundu la wavu na kuviacha hapo.

Askari, ambaye sikumwona kuwa mtu mkatili hata kidogo, alisogea akasema taratibu, "Mama, mrudishe mtoto nyuma kidogo."

"Afande, anataka tu kumwamkia baba yake."

"Najua, mama. Utaratibu hauruhusu."

Nimeitafakari sentensi hiyo kwa muda mrefu. Askari hakusema kwamba mtoto ni hatari, wala kwamba baba yake ni hatari. Alisema utaratibu. Kijana yule, kama nilivyokuja kuelewa kutoka kwa mama, hakuwa hata mfungwa. Alikuwa mahabusu, anangoja kesi yake isikilizwe, na alikuwa amengoja kwa zaidi ya miaka miwili.

Kabla sijaingia katika sheria, niondoe hoja moja ambayo wenzangu wa ofisini huiweka mezani haraka mno. Husema kwamba kukumbatiana hadharani ni mambo ya sinema, si mila zetu, na kwa hiyo wavu haumnyimi Msukuma wala Msumbwa kitu chochote alichokizoea. Hoja hii inasikika kama heshima kwa utamaduni, lakini haiujui utamaduni wenyewe. Ni kweli kwamba katika vijiji vyetu mtu na mkewe hawakumbatiani mbele ya wazee, na kwamba mkwe na mama mkwe wana mipaka yao ya kukaribiana ambayo hakuna askari anayehitaji kuisimamia. Lakini mtu akikwambia "mwangaluka" asubuhi, anakupa mkono. Mwanamke hupiga goti na kutoa mkono. Mtoto hufundishwa kuamkia kwa mkono kabla hajajua kutamka maneno yote ya salamu. Kumnyima mtu mkono, kwetu, ni taarifa: kuna jambo kati yangu nawe. Kwa hiyo mila zetu zina kanuni kali za kugusana, lakini sijui hata moja inayomkataza mtoto kupokea mkono wa baba yake. Kinachoombwa hapa si sinema. Ni salamu.

Sasa tuwaangalie waliomo ndani. Tangu Mgodi wa Dhahabu wa Geita uanze uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu ukafuatia mwaka uliofuata, ukanda unaoanzia Kahama hadi Chato umekuwa ukivuta vijana kutoka Kigoma, Mara, Tabora, Singida na ng'ambo ya mipaka. Wengi wao hawaajiriwi na migodi mikubwa. Wanaingia katika maduara ya wachimbaji wadogo, wanabeba mawe kupeleka kwenye karasha, wanaosha kwenye mialo, wanalala kwenye mabanda ya turubai. Panapokuwa na fedha taslimu, pombe, mipaka ya maduara isiyoeleweka na imani za kishirikina, pana kesi. Zipo za kuuana kutokana na ugomvi wa shimo au tuhuma za uchawi, zipo za kuvamia maeneo ya migodi, zipo za unyang'anyi wa kutumia silaha kwa wanunuzi wa dhahabu.

Mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha ni makosa yasiyo na dhamana nchini. Mei 2020 Mahakama Kuu iliona kwamba kuzuia dhamana kwa jumla namna hiyo kunakwenda kinyume cha Katiba. Agosti mwaka uleule Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Sibishani na Mahakama ya Rufani katika makala haya. Nataka tu tuone matokeo yake mbele ya ule wavu. Kijana aliyekamatwa Katoro kwa tuhuma za unyang'anyi atakaa mahabusu hadi kesi iishe, iwe mwaka au miaka mitano. Akitiwa hatiani adhabu yake haipungui miaka 30. Akiachiwa, atarudi kwa mtoto ambaye kwa kipindi chote hicho amemwona nyuma ya nyavu mbili. Katika muda wote huo wa kungoja, Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inasema asitendewe kama mwenye kosa.

Hapa kuna kitu ambacho mwanasheria yeyote aliyefanya kazi katika mahakama za ukanda huu atakuwa amekiona, ingawa hakiandikwi katika taarifa yoyote. Mahali ambapo familia za mahabusu hugusana na ndugu zao ni kwenye korido ya mahakama. Kesi inapopangwa kutajwa, karandinga linafika asubuhi, watuhumiwa wanateremka wakiwa wamefungwa pingu wawili wawili, na katika zile hatua chache kutoka kwenye gari hadi mlangoni mama anasogea, anashika mkono wa shati, anapangusa kola, anapokea salamu ya haraka. Nimewajua akina mama wanaosafiri kutoka vijiji vya mbali kuja kusikiliza kesi ambayo wanajua fika kwamba itaahirishwa. Upelelezi haujakamilika, itatajwa tena baada ya siku 14. Hawaji kusikiliza. Wanakuja kwa ajili ya zile hatua chache.

Tafakari kidogo maana yake kiusalama. Korido ya mahakama ina watu wengi, haina upekuzi wa maana, geti liko wazi na barabara iko mita chache. Hapo ndipo mguso unapofanyika. Ndani ya gereza, penye ukuta, geti la chuma, upekuzi wa mara mbili na askari wa kila upande, hapo ndipo mguso ulipokatazwa. Kama hofu yetu ni kupenyezwa kwa kitu au kutoroka kwa mtu, tumeyapanga mambo kinyumenyume.

Na si hapo tu. Msafiri wa barabara zetu hukutana na vikosi vya wafungwa wakilima mashamba ya magereza, wakikata majani kandokando ya njia, wakibeba matofali, nyapara akiwa mbele na askari mmoja au wawili nyuma. Mtu aliyekabidhiwa jembe na panga mbele ya hadhara ameaminiwa kiasi fulani, na ni vizuri. Mfungwa huyohuyo, Jumapili, bila jembe wala panga, haaminiwi kushika kiganja cha mtoto.

Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inaacha mengi ya maisha ya kila siku gerezani kwenye kanuni, amri za kudumu na busara ya mkuu wa gereza. Sina tatizo na busara. Wakuu wa magereza niliozungumza nao ni watu wanaoijua kazi yao kuliko mimi. Lakini juu ya busara hiyo ipo Katiba. Ibara ya 13(6)(d) inataka heshima ya mtu itunzwe si wakati wa upelelezi na kesi tu, bali pia wakati yuko chini ya ulinzi bila uhuru, na wakati wa utekelezaji wa adhabu. Ni ibara isiyotajwa sana. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huikariri kwa ajili ya mtihani na kuiacha kwenye karatasi ya majibu. Ukiisoma polepole utaona inatambua kwamba adhabu ya kifungo ni kifungo. Mahakama ilipomhukumu mtu miaka saba haikuongeza kwamba kwa miaka hiyo saba asiguswe na mzazi wake.

Kanuni za kimataifa hazitusaidii kiasi ambacho wanaharakati wetu hupenda kudai, na ni afadhali kulisema hilo waziwazi. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinataka mfungwa atembelewe na familia yake kwa vipindi vya kawaida, na zinakataza kumnyima mtu mawasiliano na familia kama adhabu ya kinidhamu. Kuhusu kushikana mkono zimenyamaza. Waliolisema ni waandishi wa Kanuni za Bangkok za mwaka 2010 kuhusu wafungwa wanawake: kanuni ya 28 inataka mtoto anayemtembelea mama yake aruhusiwe kuwa naye bila kizuizi kati yao. Kanuni nzuri sana, ila huku kwetu wanaojaza magereza ni akina baba. Inabidi kuivuka ile ya Bangkok kwa kutumia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003. Kamati inayousimamia ilieleza mwaka 2013 kwamba ulinzi wa watoto wa akina mama waliofungwa unapaswa kuwafikia pia watoto wa wazazi na walezi wengine. Sheria yetu wenyewe ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu. Sijui ni jambo gani linalomhusu mtoto wa miaka minne kuliko hilo.

Kuna mwaka mmoja ambao huutumia darasani ninapofundisha mada hii, nao ni 1984. Mwezi Mei mwaka huo, katika gereza la Pollsmoor karibu na Cape Town, serikali ya makaburu ilimruhusu Nelson Mandela kwa mara ya kwanza kukutana na mkewe katika chumba kimoja bila kioo kati yao. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 20. Mfungwa wa maisha, aliyetiwa hatiani kwa kupanga kuiangusha serikali hiyohiyo, alimshika mke wake na dola ile haikuanguka kwa sababu hiyo. Miezi miwili baadaye, Julai 1984, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mahabusu wa jela kuu ya Los Angeles, watu ambao kesi zao zilikuwa hazijaisha, waliotaka kuwagusa wake na watoto wao wakati wa kutembelewa. Ikasema Katiba ya Marekani haiwapi haki hiyo. Dawa za kulevya na silaha zaweza kupenyezwa, majaji wengi walisema, na wakuu wa jela ndio wanaojua zaidi.

Majaji watatu walipinga, wakiongozwa na Thurgood Marshall. Wakenya wanaosoma historia watamkumbuka: ndiye aliyewashauri wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa Lancaster House mwaka 1960 na kuwaandalia rasimu ya haki za msingi. Marshall aliona kwamba uhusiano wa mzazi na mtoto, na wa mume na mke, si kitu cha kuwekwa kando kwa sababu tu mlinzi ametaja neno usalama. Ninapowauliza wanafunzi ni ipi kati ya nchi hizo mbili ilikuwa ya kidemokrasia mwaka 1984, darasa hucheka. Kisha hunyamaza, na hapo huwa naanza somo.

Hata hivyo, hofu ya upenyezaji si ya kubuni. Bangi huingia magerezani. Simu huingia, na zikishaingia hutumika kuwatisha mashahidi na kuwaibia watu fedha. Wembe ni kitu kidogo. Mkuu wa gereza anayelala usiku akiwa na dhamana ya mamia ya watu ana haki ya kuogopa, na sitaki mtu asome makala haya kama shambulio dhidi ya askari ambao nao wanaishi katika nyumba mbovu pembeni ya ukuta uleule. Lakini jibu la hofu hiyo linajulikana: mpekue mgeni kabla, mpekue mfungwa baada, na msimamie wakati wenyewe. Yote hayo yanafanyika tayari. Wavu unaongeza nini juu yake? Unapunguza kazi ya askari, basi. Hiyo ni sababu halali kiasi chake, hasa mahali penye askari wachache na wageni wengi, ila tuitaje kwa jina lake na tusiiite usalama.

Hofu ya pili ni ya maradhi. Ukanda wa dhahabu una vumbi la mawe na una kifua kikuu kingi, na mabweni yenye msongamano hukieneza kifua kikuu hicho. Lakini kifua kikuu husafiri kwa hewa. Wavu hauzuii hewa. Ukweli ni kwamba chumba kilichojaa watu wanaolazimika kupaza sauti ili wasikike kupitia nyavu mbili ni kibaya zaidi kuliko benchi chini ya mwembe. Pale ambapo hoja hii ingekuwa na nguvu ni katika mlipuko kama ule wa Marburg uliotangazwa Januari 2025 huko Biharamulo, jirani kabisa na Chato, maradhi yanayoambukizwa kwa kugusana. Wakati ule mtu yeyote mwenye akili angeunga mkono kuzuia miguso. Mlipuko ulitangazwa kumalizika Machi 2025. Katazo la aina hiyo lina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na lina sababu inayoweza kusemwa kwa mgeni getini.

Kuna gharama nyingine ya katazo la jumla, na hii naitaja nikijua itawaudhi baadhi ya wasomaji. Mahali penye kanuni isiyoandikwa ukutani, mwenye uwezo huzunguka. Mgeni wa aina fulani hukaribishwa ofisini, ndugu yake akaletwa, wakakaa viti viwili vilivyoelekeana, wakaongea nusu saa. Sisemi kwamba daima kuna bahasha. Mara nyingi ni cheo tu, au ni kufahamiana. Mimi mwenyewe, Jumapili ile, baada ya kujitambulisha kwamba ni mwalimu wa chuo kikuu, nilipewa kiti. Kijana wangu alikuja, tukashikana mikono kwa muda mrefu, akalia kidogo. Mama wa Nyarugusu alikuwa bado yuko nje akifunga kikapu chake kitupu, na mtoto alituona kupitia dirishani.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji Bunge. Mosi, mahabusu, ambao sheria haijawatia hatiani, waruhusiwe kwa kawaida kukaa benchi moja na familia zao chini ya macho ya askari, na anayezuiwa apewe sababu inayomhusu yeye. Pili, mtoto asiwekwe nyuma ya wavu kamwe, mzazi awe mahabusu au mfungwa, isipokuwa pale ambapo mtoto mwenyewe ndiye anayehitaji kulindwa dhidi ya mzazi huyo; maofisa ustawi wa jamii wapo na wanaweza kulitolea maoni. Kenya imekuwa na siku maalumu ambazo watoto huingia na kukaa na wazazi wao waliofungwa, kucheza na kula pamoja. Ni siku chache kwa mwaka, lakini zimewapa wakuu wa magereza yao uzoefu ambao wetu wanaweza kuuomba kwa simu. Kuhusu haki ya unyumba, ambayo ndiyo huvuta vichwa vya habari na vicheko kila inapotajwa, sina nafasi hapa. Na nashuku kwamba kelele zake ndizo zinazotufanya tusizungumze juu ya mkono.

Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, na tangu hapo neno urekebishaji limekuwa likisikika katika kila hotuba inayohusu magereza. Utafiti wa idara ya magereza ya jimbo la Minnesota, Marekani, uliotolewa mwaka 2011 baada ya kufuatilia wafungwa zaidi ya 16,000 walioachiwa, ulikuta kwamba waliokuwa wakitembelewa walitiwa hatiani upya kwa asilimia 13 pungufu. Haukupima mguso, ulipima kutembelewa. Lakini nani ataendelea kulipa nauli, mwaka wa tatu, wa nne, kwenda kupiga kelele kupitia nyavu mbili?

Swali hilo si la kinadharia kwa mama wa Nyarugusu. Tulipanda gari moja kurudi Geita mjini. Alikuwa amesikia kwamba mwanawe huenda akahamishiwa Butimba, Mwanza, na alitaka kujua habari za njia. Nikamweleza kwamba daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, hakuna tena kungoja kivuko, anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Alifurahi, akahesabu nauli kwa vidole. Kisha akaniuliza kama huko Butimba mtoto ataruhusiwa kumshika baba yake. Nilimwambia nitauliza.